Mnofu wa Wazee Wetu Unapopungua: Damu Husema Nini?



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wasomaji wetu wapenzi, juma hili tumekusudia kuzungumza jambo lililomo katika kila nyumba yenye mzee, ingawa mara nyingi halitajwi. Nalo ni kupungua kwa mnofu wa mwili na nguvu zake kadiri umri unavyosonga. Baadhi ya akina mama wametuuliza kama ni kweli kwamba siku hizi kipo kipimo cha damu cha kulitambua jambo hilo mapema, na kama yafaa mtu ampeleke mzazi wake akapimwe. Swali hili ni zuri, na jibu lake linahitaji maelezo.

Tuanze na dini yetu. Katika Suratu Rum, aya ya 54, Mwenyezi Mungu ametukumbusha kwamba ametuumba katika udhaifu, kisha baada ya udhaifu akatupa nguvu, kisha baada ya nguvu akaleta udhaifu na mvi. Basi kudhoofika kwa mzee si aibu wala si adhabu. Ni daraja katika safari aliyoipanga Muumba. Hata Nabii Zakariya (A.S.) alipomwomba Mola wake mtoto, alianza kwa kueleza jinsi mifupa yake ilivyodhoofika na kichwa chake kilivyojaa mvi.

Lakini kuna hadithi mashuhuri iliyopokewa kwa Usama bin Sharik (R.A.), waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, ambayo watu wengi huichukua nusu. Mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama watafute matibabu, naye akawaamrisha wayatafute, kwani Mwenyezi Mungu hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa moja tu, nalo ni uzee. Mwisho wa hadithi hii ndio ulioshika masikioni mwa watu. Mama akianza kushika ukuta anapotembea, husemwa, "Ni uzee, hauna dawa." Baba akishindwa kufungua kifuniko cha chupa, husemwa hivyo hivyo. Watu husahau kwamba hadithi hiyo hiyo imeanza na amri ya kutafuta matibabu. Uzee ni jambo moja, na maradhi yanayomfika mtu katika uzee wake ni jambo jingine. Anayeyachanganya mawili hayo huacha maradhi yenye tiba kwa kudhani kwamba ni uzee usio na tiba.

Maradhi yaliyopewa jina

Mwaka 1989, tabibu mmoja wa Marekani, Irwin Rosenberg, alilipa jina jambo hili la kupotea kwa misuli ya wazee. Aliliita sarkopenia, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya nyama ya mwili na la pili lenye maana ya ufukara au upungufu. Kabla ya hapo waganga walikuwa wakiliona kila siku bila ya kuliita kitu. Mwaka 2016 likaingizwa Marekani katika orodha rasmi ya maradhi kwa namba yake lenyewe, likawa jambo ambalo daktari anaweza kuliandika katika cheti cha mgonjwa na kulishughulikia.

Wataalamu wanasema kwamba kuanzia miaka ya thelathini hivi, mtu hupoteza baina ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake katika kila miaka kumi, na mwendo huo huongezeka baada ya umri wa miaka 60. Nguvu hupungua haraka zaidi kuliko ukubwa wa misuli yenyewe. Pia si lazima mtu akonde. Mama mnene anaweza kuwa na misuli michache iliyofunikwa na mafuta, watu wakamwona ana afya, kumbe miguu yake haiwezi tena kuubeba mwili wake. Huyu huchelewa kutambuliwa kuliko yule mwembamba.

Matokeo yake tunayajua sote. Mzee huteleza msalani, nyonga huvunjika, hulazwa, kisha hutoka hospitali akiwa hawezi kusimama peke yake. Huko kuanguka mara nyingi kulikuwa na mwanzo wake miaka mingi nyuma, katika misuli ya mapaja iliyokuwa ikipungua kidogo kidogo bila ya mtu kuiangalia.

Kwa nini itafutwe katika damu?

Misuli yenyewe inaweza kupimwa kwa mashine maalumu za picha, lakini mashine hizo ni ghali na hazipatikani kila mahali. Damu huchukuliwa kwa urahisi hata katika zahanati ya mtaani. Ndiyo maana watafiti wa nchi nyingi wamekuwa wakitafuta ndani ya damu alama za kuonyesha kwamba misuli inapungua. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, nao wanatafuta hayo mawingu.

Alama ya kwanza ni ile ambayo huenda tayari imo ndani ya nyumba yako, katika karatasi za maabara za mzazi mwenye sukari au shinikizo la damu. Nayo ni kriatinini. Watu wengi wanaijua kuwa ni kipimo cha mafigo, na ni kweli. Lakini kriatinini hutoka wapi? Hutoka katika misuli. Misuli inapofanya kazi yake ya kila siku hutoa taka hii, ikaingia katika damu, na mafigo yakaitoa kwa mkojo. Ikiwa mafigo ni mabovu, kriatinini hujaa katika damu. Na ikiwa misuli ni michache, kriatinini huwa ndogo tangu mwanzo, kwa sababu hakuna cha kuizalisha.

Hapa ndipo penye jambo ambalo kila familia inapaswa kulijua. Karatasi ikionyesha kwamba kriatinini ya mama iko chini, watu humshukuru Mungu na kusema mafigo ni mazima. Huenda ni kweli. Lakini pia huenda kriatinini iko chini kwa sababu mnofu wa mama umepungua, na mafigo yake nayo yamechoka bila ya kuonekana.

Tuchukue mfano wa wanawake wawili ambao vipimo vyao vya kriatinini vimetoka sawasawa, 60 kwa kipimo cha maikromoli katika lita, jambo ambalo maabara nyingi zitalihesabu kuwa ni la kawaida. Mmoja ana miaka 25 na uzani wa kilo 60. Wa pili ana miaka 80 na uzani wa kilo 40. Ukitumia hesabu ya Cockcroft na Gault, ambayo madaktari wamekuwa wakiitumia tangu mwaka 1976, mafigo ya yule kijana yanasafisha kiasi cha mililita 120 kwa dakika, na ya yule mzee kiasi cha mililita 42 tu. Karatasi ni moja na namba ni moja, lakini hali ni mbili tofauti kabisa. Dawa nyingi zinazotoka mwilini kwa njia ya mafigo hupunguzwa kipimo kwa kufuata hesabu ya namna hii. Mzee akipewa kipimo cha kijana, dawa humkalia mwilini na kumdhuru. Basi hapa upungufu wa mnofu umekuwa pazia, na nyuma ya pazia hilo kuna hatari nyingine.

Ili kuliondoa pazia hilo, watafiti wametumia kitu cha pili kiitwacho sistatini C. Hii nayo hutolewa na mafigo, lakini haizalishwi na misuli peke yake. Karibu seli zote za mwili huizalisha, kwa hiyo uchache wa misuli hauishushi kama unavyoishusha kriatinini. Ukiziweka mbili hizi pamoja unapata kulinganisha. Ikiwa kriatinini ni ndogo na hali sistatini C ni kubwa, kuna shaka kwamba misuli ni michache. Mwaka 2017, madaktari wa Mayo Clinic huko Marekani walichapisha utafiti juu ya wagonjwa mahututi, wakigawanya kriatinini kwa sistatini C na kuzidisha kwa 100, na namba iliyopatikana wakaifanya kuwa kielelezo cha misuli. Tangu hapo wengine wamekijaribu kipimo hicho kwa wazee wasiokuwa mahututi.

Hata hivyo kipimo hiki nacho kina mipaka. Kriatinini hupanda mtu akila nyama nyingi. Sistatini C hubadilishwa na maradhi ya tezi la shingo, na unene, na dawa za jamii ya steroidi. Tena sistatini C si kipimo kinachofanywa katika kila maabara.

Alama nyingine

Kundi la pili la alama ni zile za mwako wa ndani, yaani mwili unapopigana kwa muda mrefu bila ya kupumzika. Miongoni mwao ni CRP, ambayo maabara nyingi huipima, na intaleukini 6. Wazee wengi huwa na mwako mdogo usiokwisha, nao huila misuli taratibu. Lakini CRP hupanda pia kwa malaria, kwa kidonda, kwa nimonia, na kwa maradhi ya viungo. Ukiiona iko juu umejua kwamba kuna moto, na bado hujajua ni chumba gani kinachoungua.

Kundi la tatu ni vitu vinavyotoka katika misuli yenyewe na katika mishipa ya fahamu inayoiamrisha. Mwaka 1997, Alexandra McPherron na Se-Jin Lee wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waligundua protini inayoizuia misuli isikue kupita kiasi, ikaitwa mayostatini. Panya waliokosa protini hiyo walikua na misuli mikubwa ajabu. Watu walitaraji kwamba mzee mwenye misuli michache angekutwa na mayostatini nyingi katika damu yake. Utafiti haukutoa jibu moja, kwani mayostatini yenyewe hutengenezwa na misuli, na misuli ikipungua mtengenezaji naye amepungua. Kuna pia kipande cha protini iitwayo agrini, ambayo kazi yake ni kulishikilia lile ungio baina ya mshipa wa fahamu na msuli. Ungio hilo likichakaa, agrini hukatwa na kipande chake huingia katika damu. Alama hii inatia matumaini, lakini bado iko zaidi mikononi mwa watafiti kuliko madaktari.

Kundi la nne ni vitu ambavyo mwili unavihitaji, na vikikosekana misuli hudhoofu. Hapa tunataja vitamini D, na homoni za tezi la shingo. Kundi hili tunalipa uzito mkubwa zaidi, kwa sababu mengi katika haya yana dawa. Mtu aliyepungukiwa sana na vitamini D huweza kupata udhaifu wa mapaja na mabega, na akitibiwa akapata nafuu. Mtu ambaye tezi lake halifanyi kazi sawasawa huchoka na kulegea, na watu wakadhani ni uzee. Mwenye upungufu wa damu hali yake ni hiyo hiyo.

Shahidi mmoja hatoshi

Kwa hiyo jibu la wale waliotuuliza ni hili. Mpaka leo hakuna kipimo kimoja cha damu kilichokubaliwa na wataalamu kuwa kinatosha peke yake kuthibitisha sarkopenia. Kila kimoja ni shahidi, na katika sheria yetu tumezoea kwamba haki haithibiti kwa kila shahidi mmoja anayejitokeza. Hutazamwa ushahidi wote kwa pamoja. Mtu akikuuzia kipimo ghali kwa ahadi kwamba tone moja la damu litakuambia yote kuhusu misuli ya mama yako, mwambie asante, na fedha hizo mnunulie mama samaki na mayai.

Lakini tusiseme kwamba damu haina faida. Damu ina kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kutafuta sababu zinazotibika, kama tulivyozitaja. Ya pili ni kutuzuia tusidanganyike na kriatinini iliyo ndogo. Ama kuthibitisha kwamba nguvu zimepungua, shahidi mkuu ni mwili wenyewe unapofanya kazi, na kipimo chake kinaweza kuanzia nyumbani.

Mwaka 2013 ilichapishwa hojaji fupi ya maswali matano. Je, mzee hupata taabu kuinua na kubeba kitu cha kilo nne na nusu hivi? Je, hupata taabu kutembea kutoka upande mmoja wa chumba hadi wa pili? Je, hupata taabu kuinuka kitandani au kitini? Je, hupata taabu kupanda ngazi kumi? Na je, ameanguka mara ngapi katika mwaka uliopita? Katika maswali manne ya kwanza, asiyepata taabu hupewa sifuri, mwenye taabu kidogo hupewa 1, na mwenye taabu kubwa au asiyeweza hupewa 2. Katika la kuanguka, asiyeanguka ana sifuri, aliyeanguka mara moja hadi tatu ana 1, na aliyezidi hapo ana 2. Jumla ikifika 4 au zaidi, ni wajibu kumwona daktari.

Kipimo kingine ni cha kiti. Mzee akae juu ya kiti imara kilichoegemezwa ukutani, akunje mikono kifuani, kisha asimame na kukaa mara tano bila ya kujishika. Wataalamu wa Ulaya husema kwamba akizidi sekunde 15 kuna shaka ya udhaifu. Wataalamu wa Asia wameweka mpaka wao kuwa sekunde 12. Mipaka hii iliwekwa kwa kuwatazama watu wa huko, basi kwetu tuichukue kuwa ni mwongozo. Wala asifanye mzee peke yake. Mtu mzima mwenye nguvu asimame kando yake. Na mwenye maradhi ya moyo, kizunguzungu, au aliyepasuliwa karibuni, amuulize daktari wake kwanza.

Nasi Waislamu tuna jambo ambalo wengine hawana. Sala tano za faradhi zina rakaa 17 na sijida 34, na ndani yake mtu huinuka kutoka chini hadi kusimama wima mara 12, mbali na sunna. Kila siku mzazi wako anafanya mbele ya macho yako kazi ambayo daktari angetaka kuiona. Mtazame kwa huruma. Je, mwaka jana aliinuka bila ya kushika kitu, na mwaka huu anashika ukuta? Je, ameanza kuomba kiti cha kusalia, na hakuna aliyemuuliza kwa nini? Je, ameacha sala ya jamaa kwa sababu ngazi za msikiti zinamshinda, naye anaona haya kusema? Hizo ni dalili zilizo wazi kuliko karatasi nyingi za maabara.

Tutahadhari hapa tusifahamike vibaya. Dini yetu ni nyepesi. Mtume (S.A.W.) alimfundisha Imran bin Huswain (R.A.), aliyekuwa mgonjwa, asali kwa kusimama, asipoweza asali kwa kukaa, na asipoweza asali kwa ubavu. Mwenye udhuru na akae, na thawabu zake haziharibiki. Tunalolisema ni kwamba kusimama ni nguzo ya sala ya faradhi kwa mwenye kuweza, na wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi wamesema kwamba mtu anayeweza kusimama lakini hawezi kusujudu, asimame katika sehemu yake ya kusimama. Basi asikalishwe kiti mtu ambaye bado anaweza kusimama, kwa sababu tu watoto wake wanamwonea huruma. Hapo hulindwa nguzo ya sala na nguvu za miguu kwa pamoja.

Huruma inayodhoofisha

Hili la huruma ndilo lililo zito zaidi katika mazungumzo yetu ya leo. Sisi watu wa pwani tunajua kuwaheshimu wazazi. Mama akifika umri fulani, mabinti na wakaza wana huchukua kila kazi mikononi mwake. Haendi sokoni, hapandi ngazi, hakuni nazi, wala hafagii uani. Huketishwa juu ya godoro zuri, akaletewa chakula, maji ya udhu, na hata kubazi zake. Wote wana nia njema, na nia hiyo ina ujira wake kwa Mwenyezi Mungu. Lakini mwili haujui nia. Msuli usiotumiwa hupungua, na wa mzee hupungua upesi zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wazee wazima wasiokuwa na maradhi walilazwa kitandani kwa siku kumi tu, wakapoteza karibu kilo moja ya mnofu wa miguu yao. Basi fikiria yule aliyelazwa miezi kwa jina la kupumzishwa.

Kwa upande wa pili, Mwenyezi Mungu hakuufunga mlango. Mwaka 1990, Maria Fiatarone na wenzake huko Boston walichapisha habari za wazee kumi wa nyumba ya kulelea wazee, wenye umri kati ya miaka 86 na 96, waliofanyishwa mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu. Katika wiki nane nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Basi nani atasema kwamba mama wa miaka 70 amechelewa?

Kumfanyia wema mzazi, basi, si kumwondolea kila kazi. Ni kumwachia ile anayoiweza na kusimama karibu yake asije akaanguka. Mama anayekaa juu ya mbuzi akakuna nazi, kisha akainuka mwenyewe, amefanya mazoezi. Mwache afanye. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewashauri watu wa miaka 65 na zaidi kufanya mazoezi ya kuimarisha misuli si chini ya siku mbili kwa wiki, na yale ya mizani na nguvu siku tatu au zaidi. Kuinuka kitini na kukaa mara nane au kumi, kisha kupumzika na kurudia, ni mwanzo mzuri usiohitaji fedha.

Chakula nacho kina sehemu yake. Wazee wengi hupenda chai na mkate asubuhi, na chai na mkate tena jioni, na humo mna protini kidogo sana. Wataalamu wanapendekeza kwa mzee mwenye afya gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku. Mama wa kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina kiasi cha gramu 6, kikombe cha maziwa kiasi cha gramu 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa kiasi cha gramu 15, na kipande cha samaki cha gramu mia kiasi cha gramu 20. Mbaazi na kunde zetu pia zina kheri nyingi. Protini hizi zigawanywe katika milo yote, zisingojee chakula cha mchana peke yake. Ila mwenye maradhi ya mafigo asiongeze protini mpaka azungumze na daktari wake.

Na jua tusilisahau. Mwili hutengeneza vitamini D kwa jua la ngozi. Wanawake wetu, Mwenyezi Mungu awahifadhi kwa sitara yao, wengi hutumia mchana ndani ya nyumba. Uani penye faragha, mama anaweza kukaa na mikono na miguu yake ikapata jua kila siku, na sitara yake ikabaki palepale.

Mkienda kwa daktari

Msiende mikono mitupu. Chukueni karatasi za zamani na orodha ya dawa zote anazotumia mzazi, pamoja na zile za kununua dukani kwa maumivu ya viungo. Dawa za steroidi zikitumiwa muda mrefu huila misuli, lakini asiziache ghafla bila ya ushauri, kwani hilo nalo lina hatari. Kisha ulizeni maswali haya. Je, kriatinini hii imehesabiwa pamoja na umri na uzani wake? Je, vipimo vya dawa zake vinalingana na mafigo yake? Je, inafaa apimwe damu, tezi la shingo na vitamini D? Je, nguvu za mkono na miguu yake zimepimwa?

Wala mzee asikatae kutolewa damu kwa kuogopea ibada yake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, damu inayotoka mkononi haibatilishi udhu, bali paoshwe palipochafuka. Na damu kidogo ya kipimo haimfunguzi aliyefunga.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muumini mwenye nguvu ni bora na anapendwa zaidi na Mwenyezi Mungu kuliko Muumini dhaifu, na kila mmoja ana kheri. Nguvu hizo ni za imani kwanza, na mwili ndio chombo cha kuitekelezea ibada. Basi tuwasaidie wazazi wetu wabaki na chombo hicho kadiri Mola alivyowaandikia. Leo baada ya Magharibi, mtazame mama yako anavyoinuka juu ya msala wake. Ukiona jambo, usilinyamazie.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea tukiwa wadogo, wape afya katika umri wao, na utujaalie sisi kuwa macho yao na mikono yao bila ya kuwanyang'anya nguvu zao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.